Sukari ya Mtoto Mahututi Ikipanda: Mwongozo Kamili kwa Mzazi wa Mombasa Aliye Kando ya Kitanda

Mtoto kaingia hospitali na homa kali na degedege, au kaungua kwa uji wa moto, au ndiyo kwanza katoka kupasuliwa. Hajawahi kuwa na sukari, na ukooni hakuna anayeijua. Siku ya pili sista anamdunga kidole, mashine inaonyesha 13.2, anaandika kwenye chati na kwenda kitanda cha pili. Sindano hakuna, dawa hakuna. Jamaa wakipigiwa simu nje, swali huwa moja: "Kumi na tatu, na hawampi insulini?"

Hapa nitalijibu swali hilo hatua kwa hatua, kama ninavyowaeleza wazazi wodini. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa watoto wengi mahututi ambao sukari imepanda, haraka ya kuishusha ina hatari kuliko kuivumilia huku inapimwa. Lipo hata hivyo kundi dogo la watoto ambao kuwasubiri ndiko kunakowaua. Kazi ya saa za kwanza ni kujua mwanao yuko upande upi, na hapo mzazi ana habari ambazo hazimo kwenye mashine yoyote.

Lolote utakalosoma hapa la vipimo na dozi ni la kukusaidia uelewe na uulize. Si la kujaribu nyumbani.

Kinachotokea mwilini

Mtoto akizidiwa, mwili wake hutoa adrenalini, kortisoli, glukagoni na homoni ya ukuaji kwa wingi. Hizi kwa pamoja huliamuru ini limwage sukari kwenye damu, hata kama mtoto hajatia kitu mdomoni tangu jana. Akiba ya ini ikiisha, ini hutengeneza sukari mpya kwa kula misuli ya mtoto mwenyewe. Ndiyo maana mtoto aliyelala wiki moja ICU hutoka mapaja yamepwaya.

Wakati huohuo kemikali zinazotolewa na mwili ukipambana na maambukizi au jeraha huifanya misuli isiisikie insulini, homoni ya kongosho inayoingiza sukari kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Insulini ipo, pengine nyingi kuliko kawaida, lakini haitiiwi. Ni kama siku ya ghasia sokoni Kongowea: malori yanaendelea kushusha mzigo, maduka yamefunga milango, bidhaa zinarundikana barabarani. Huo ndio usugu wa insulini. Kwa baadhi ya watoto, hasa walio kwenye mashine ya kupumulia na dawa za kuinua presha, kongosho nalo huelemewa na kutoa insulini pungufu, na hapo matatizo yanakuwa mawili.

Nitaiita hali hii sukari ya ugonjwa, isichanganywe na ugonjwa wa sukari. Huja na uti wa mgongo kuingia maambukizi, nimonia kali, jeraha la kichwa, moto, degedege la muda mrefu, upasuaji wa moyo. Ugonjwa ukilegea, huondoka nao.

Kwa kiasi fulani kupanda huku kuna faida, kwa kuwa ubongo na chembe za kinga zinahitaji sukari. Shida ni ikizidi na kukaa. Ikipita kama 10, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini, inatoka na mkojo ikivuta maji, na mtoto anakauka ilhali dripu inaingia. Watafiti wa Kilifi, jirani zetu hapa, walichapisha mwaka 2003 kwamba watoto waliofika hospitali wakiwa na sukari ya juu walifariki zaidi kuliko waliokuwa na sukari ya kawaida. Lakini walioingia na sukari ya chini walikuwa wengi zaidi, na hali yao ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kumbuka mpangilio huo unapoendelea kusoma.

Hatua ya 1: Hakikisha namba ni ya kweli

Kabla ya kuiogopa namba, ihoji.

Anza na kipimio chenyewe. Glukomita nyingi hapa husoma kwa milimoli kwa lita, ambapo mtoto mzima wa afya huwa kati ya 4 na 7 hivi. Zingine husoma kwa miligramu kwa desilita. Kuhama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, zidisha kwa 18: 12.4 inakuwa 223. Nimewahi kuona familia nzima ikilia ukumbini kwa sababu mtu alituma "sukari ni 110" kwenye WhatsApp, na 110 kwa miligramu ni 6.1 tu.

Kisha mkono. Tulikuwa na mtoto aliyeanza kupata nafuu, nyanya yake akampa kokwa la embe dodo afyonze wakati wa kutembelea wagonjwa. Kidole kikadungwa: 19.4. Sista akamnawisha mikono kwa maji na sabuni, akamkausha, akadunga kidole cha mkono mwingine: 6.8. Pamba ya spiriti peke yake haitoshi kuondoa sukari ya tunda kwenye ngozi. Ukiona mkono wa mwanao umenata, sema, "Sista, naomba nimnawishe kwanza."

Mengine ya kuangalia ni haya:

- Damu isitolewe kwenye mkono uleule wenye dripu ya sukari. Utakuwa unapima dripu, si mtoto.
- Mtoto aliye kwenye mshtuko, yaani damu haizunguki vizuri mwilini, mikono na miguu baridi, damu ya kidole haiaminiki. Hapo ichukuliwe damu ya mshipa au ya ateri.
- Mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, na hapa Pwani tunao wengi kwa sababu ya malaria na selimundu, glukomita ya kawaida huweza kusoma juu kuliko ukweli. Namba ya maabara ndiyo ya kutegemea.
- Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia vya glukomita, haziutaki unyevu wala joto. Mombasa hii, kopo likiachwa wazi juu ya meza mwezi wa Machi, usitarajie jibu la maana. Kopo lifungwe kila linapofunguliwa, na tarehe ya mwisho iangaliwe.

Namba moja ya juu si uamuzi. Zitafutwe mbili, zikiwa zimepishana kwa nusu saa au saa moja, na moja ikiwezekana iwe ya maabara.

Hatua ya 2: Ni sukari ya ugonjwa au ni ugonjwa wa sukari?

Hapa ndipo mzazi anapohitajika. Daktari anamuona mtoto leo. Wewe ulikuwa naye wiki tatu zilizopita. Jiulize na umwambie daktari bila kungoja uulizwe:

Alikuwa akinywa maji kupita kawaida, mpaka kuamka usiku kuyatafuta? Alikuwa akikojoa mara kwa mara, au ameanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha? Amekonda ilhali anakula? Sisimizi walikuwa wakijaa pale alipokojoa, au kwenye nguo zake za ndani? Alianza kutapika na kulia tumbo kabla ya kuanza kuhema?

Jibu la "ndiyo" kwa mawili au matatu linabadilisha kila kitu. Mtoto huyo anaweza kuwa na kisukari cha aina ya kwanza ambacho kimefika hatua ya damu kuchachuka kwa ketoni, yaani asidi zinazotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Huyu huja anahema kwa nguvu na kwa kina, watu wakadhani ni nimonia. Anatapika, wakadhani ni malaria au taifodi. Pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Wapo wanaozungushwa zahanati tatu na kupewa dawa za malaria kabla mtu kufikiria kudunga kidole.

Kipimo kinachotenganisha ni ketoni, kwenye damu au mkojo, pamoja na kipimo cha asidi ya damu. Sukari ikiwa juu ya 11, ketoni za damu 3 au zaidi, na pH, yaani kipimo hicho cha asidi ya damu (ikishuka, asidi imezidi), ikiwa chini ya 7.3, madaktari huita hali hiyo dharura ya kisukari na matibabu huanza papo hapo. Kwa hiyo swali lako la kwanza, la pili na la tatu liwe: "Daktari, ketoni zimepimwa?" Ni swali la adabu, na hakuna daktari mzuri anayeudhika nalo.

Hata kwa mtoto huyu, sukari haivutwi chini kwa kamba. Maji ya dripu hutangulia. Insulini huanza angalau saa moja baadaye, kwa kiasi cha uniti 0.05 hadi 0.1 kwa kila kilo kwa kila saa, pole pole, kwa kuwa ubongo wa mtoto unaweza kuvimba wakati wa matibabu. Akianza kulalamika kichwa kinauma sana, au akizidi kulala badala ya kuchangamka, ita mtu pale pale. Na sukari ikishuka hadi kama 14 hadi 17, dripu hubadilishwa iwe yenye sukari huku insulini ikiendelea. Akina mama hushtuka sana wakiona hilo: "Mbona mnamwekea tena kile mnachomtoa?" Sababu ni kwamba insulini bado inahitajika kuzima ketoni, na sukari inawekwa ili mtoto asianguke upande wa pili.

Kama ketoni hazipo au ni chache, na dalili za wiki zilizopita hazikuwepo, uwezekano mkubwa ni sukari ya ugonjwa. Endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Tafuteni nani anamlisha sukari

Hatua hii ndiyo husahaulika, na ndiyo mara nyingi hutatua tatizo lote bila tone la insulini.

Tazama mfuko wa dripu uliotundikwa juu ya mtoto. Umeandikwa asilimia ya dekstrosi, yaani sukari: 5 au 10. Tuseme mwanao ana kilo 10, dripu ni ya asilimia 10, na pampu inaonyesha mililita 40 kwa saa. Mililita 100 za dripu hiyo zina gramu 10 za sukari, kwa hiyo 40 zina gramu 4. Hiyo ni takriban kijiko kimoja cha chai cha sukari kinachoingia moja kwa moja mshipani kila saa, mchana na usiku, gramu 96 kwa siku. Mwili wa mtoto mzima ungemudu. Mwili uliogoma kuisikia insulini huenda usimudu.

Wanaopenda hesabu ya wodini: zidisha mililita za saa kwa asilimia, gawanya kwa 6, gawanya tena kwa kilo za mtoto. Arobaini mara kumi ni 400. Kwa 6 ni 66.7, kwa kilo 10 ni karibu 6.7. Hizo ni miligramu za sukari kwa kilo kwa dakika. Dripu ikibadilishwa kuwa ya asilimia 5, kiwango kinakuwa nusu. Kubadilisha mfuko tu kunaweza kuishusha sukari kutoka 14 hadi 9 kabla ya jua kuzama.

Usiombe lakini sukari iondolewe kabisa. Ubongo wa mtoto mdogo unakula sukari nyingi kuliko wa mtu mzima kwa uzito wake, na mtoto mchanga hana akiba. Cha kuomba ni ipimwe na ipunguzwe na anayejua.

Upande wa pili ni dawa. Deksamethasoni, haidrokotisoni na predinisoloni, ambazo ni steroidi, zote hupandisha sukari. Adrenalini inayopewa kwa dripu kuinua presha hupandisha. Salbutamoli ya kufungua kifua, ikitolewa mfululizo, hupandisha. Hakuna anayesema dawa hizo ziachwe. Mtoto mwenye pumu kali anahitaji salbutamoli kuliko anavyohitaji sukari nzuri. Ila namba inakuwa na maelezo, na daktari anaweza kupunguza mapema pale inapowezekana.

Na hapa kuna siri moja ya nyumbani inayostahili kutolewa. Kama mtoto alikuwa akipewa vidonge vya "kumnenepesha" au vya pumu vilivyonunuliwa dukani bila cheti, vipeleke hospitali, hata karatasi tupu. Baadhi huwa ni steroidi. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, bado umefanya la maana.

Hatua ya 4: Vumilia, kwa sababu jambo hili limechunguzwa

Mwaka 2001, madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliotikisa ICU za dunia. Waliishikilia sukari ya watu wazima waliotoka upasuaji kati ya 4.4 na 6.1 kwa insulini, na vifo vikapungua. Hospitali nyingi zikafuata. Halafu mwaka 2009 utafiti mkubwa zaidi, NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, ukaonyesha kinyume: waliobanwa sukari walifariki zaidi, asilimia 27.5 dhidi ya 24.9, na walioshuka sukari kupita kiasi walikuwa wengi mno.

Watoto nao wakachunguzwa. Mwaka huohuo wa 2009 Leuven walitoa matokeo ya watoto 700. Kulikuwa na nafuu fulani, lakini robo ya watoto waliobanwa walianguka chini ya 2.2, kiwango cha kutia hofu. Uingereza ikafuata mwaka 2014 na watoto 1,369: hakuna faida kubwa ya kubana. Marekani mwaka 2017, katika utafiti uitwao HALF-PINT, walisimamisha kazi kabla ya muda kwa kuwa kubana sukari hakukusaidia kitu, na watoto waliobanwa walipata maambukizi zaidi na kushuka sukari zaidi kuliko walioachwa kati ya 8.3 na 10.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 kuhusu watoto wenye maambukizi makali ya damu ukahitimisha: insulini isitumiwe kuibana sukari ya mtoto iwe 7.8 au chini. ICU nyingi za watoto leo huanza kuifikiria insulini pale sukari inapopita 10 hadi 12 na kubaki hapo vipimo viwili au zaidi, baada ya kumaliza hatua ya 3.

Basi ukiona 11.5 na hakuna sindano, hujasahaulika. Kinachotibiwa ni chanzo: antibiotiki kwa wakati, presha, oksijeni, maumivu. Maumivu hasa. Mtoto anayeteseka kimya kimya anamwaga adrenalini saa zote, na wewe unayemjua uso wake ndiye wa kumwambia sista kwamba anaumia.

Pale ambapo ningekushauri ubishe kwa upole ni kama namba ni 15 na kuendelea, mtoto anakojoa sana, na hakuna aliyerudia kipimo kwa saa kadhaa. Kuvumilia bila kupima ni kumtelekeza.

Hatua ya 5: Insulini ikianza

Daktari akiamua, utaona mambo haya, na ni vizuri ujue maana yake.

Insulini itakayotumika ni ile iliyo angavu kama maji, ya kufanya kazi haraka. Haitadungwa chini ya ngozi. Itaingia mshipani kwa pampu inayosukuma bomba la sindano kidogo kidogo. Kwa sukari ya ugonjwa, wengi huanza na dozi ndogo, mara nyingi uniti 0.02 hadi 0.05 kwa kilo kwa saa. Mtoto wa kilo 10 akipewa 0.05, hiyo ni nusu uniti kwa saa. Udogo huo ndio unaofanya kosa la desimali moja kuwa balaa. Sista wawili wanapaswa kuhakiki pamoja, na neno "uniti" liandikwe kamili, maana U ikiandikwa kwa haraka hufanana na sifuri, na 4U ikasomwa 40.

Utamwona sista akimwaga mchanganyiko kidogo kupitia mpira kabla ya kuuunganisha. Huo si uharibifu. Insulini hunata kwenye plastiki, na mpira usipolowekwa hivyo, saa za kwanza mtoto hapati alichoandikiwa.

Kisha kipimo kila saa. Kila saa, hata saa tisa usiku, hata kama mtoto ndiyo kwanza kalala. Mama, usimwonee huruma hii. Omba vidole vibadilishwe, pembeni mwa ncha ambako maumivu ni machache, au damu ichukuliwe kwenye mpira wa ateri kama upo. Usiombe kipimo kirukwe. Mtoto aliyelazwa kwa dawa za usingizi hawezi kutetemeka wala kusema njaa. Sukari ikimshuka, atakaa vilevile alivyo, ametulia, huku ubongo unaumia. Hapo namba ndiyo dalili pekee.

Potasiamu pia itapimwa, kwa kuwa insulini huisukuma kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli, na potasiamu ikishuka sana moyo hupoteza mapigo yake.

Sasa jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote kwenye hatua hii: insulini isiendelee peke yake pale chakula au dripu ya sukari inaposimama. Hutokea kirahisi sana. Uji wa mpira wa puani unasimamishwa kwa sababu ya picha ya kichwa. Mshipa wa dripu unaziba. Mtoto anahamishwa. Pampu ya insulini, iliyo upande wa pili wa kitanda, inaendelea kusukuma. Ukiona chakula kimesimamishwa, uliza hapo hapo: "Na insulini je?"

Kwa wanaohamishwa kutoka Kwale kuja Hospitali Kuu ya Pwani, ile wazee wanayoiita Makadara bado, uliza kabla ya kupanda: nani ndani ya gari ana glukomita, na atapima lini? Hata ambulensi ikipewa njia kivukoni Likoni, safari ni safari, na saa moja ni ndefu kwa mtoto aliye kwenye insulini. Mara nyingi daktari ataisimamisha kwa muda wa safari, na anafanya vizuri.

Mwisho, dozi iliyofaa adhuhuri inaweza kuwa nyingi usiku. Homa ikishuka, presha ikitulia, steroidi zikipunguzwa, mwili huanza kuisikia insulini tena, wakati mwingine ghafla. Kwa hiyo siku ya nafuu ndiyo siku ya kupima kwa makini zaidi.

Hatua ya 6: Ikianguka

Shirika la Afya Duniani huhesabu sukari chini ya 2.5 kuwa imeshuka kwa mtoto mahututi, na chini ya 3 kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Wodi nyingi huchukua hatua mapema kuliko hapo kama insulini inaendelea. Insulini inasimamishwa, mtoto anapewa dekstrosi ya asilimia 10 mshipani, mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 50 kwa wa kilo 10, na kipimo kinarudiwa ndani ya nusu saa. Aliye macho unaweza kumwona akitoka jasho jembamba, anatetemeka, anakuwa mkali bila sababu, au anazubaa. Ukiona hayo, ita. Usimtilie kitu mdomoni.

Hatua ya 7: Wageni na vikapu vyao

Pwani mgonjwa hatembelewi mikono mitupu. Shangazi anakuja na kaimati, mjomba na juisi ya miwa, jirani na asali, nyanya na kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa ili zinywewe. Kwa mtoto aliyezuiwa kula, au anayelishwa kwa mpira, vyote hivi visubiri. Anaweza kupaliwa, na sukari yote iliyohesabiwa na daktari inavurugika bila yeye kujua kwa nini.

Madafu nayo, ambayo kila mtu huyaona kuwa maji tu, yana potasiamu nyingi pamoja na sukari, na mtoto ambaye figo zimechoka hayahimili. Asali haifai kabisa kwa aliye chini ya mwaka mmoja, mahututi au mzima. Kumsomea dua mtoto hakuna anayekataza. Kumnywesha ndiko kunakohitaji ruhusa, na wengi wa masista wetu wanalijua kombe na hawatakucheka ukiuliza lini litafaa.

Wala usidhani sukari ikiwa juu basi mtoto ashindishwe njaa. Chakula cha mpira kikianza mapema kidogo kidogo ni bora kuliko dripu ya sukari, na huzuia misuli kuliwa. Teua mtu mmoja katika familia awe ndiye anayezungumza na wodi na kuwaambia wageni. Mara nyingi shangazi mkubwa humudu kazi hii kuliko baba.

Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Watoto wengi wenye sukari ya ugonjwa hurudi kawaida kabla ya kutoka hospitali na hawahitaji dawa. Aliyeungua sana ni tofauti. Usugu wa insulini unaweza kuendelea miezi mingi, na kliniki yake isikatwe. Aliyeandikiwa predinisoloni asiiache ghafla kwa kuogopa sukari. Hupunguzwa kwa utaratibu wa daktari.

Omba sukari ya asubuhi kabla ya kula ipimwe wiki chache baada ya kupona. Chini ya 5.6 ni salama. Ikiwa 7 au zaidi, irudiwe na apelekwe kliniki ya kisukari. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinasaidia, na 6.5 kwenda juu huashiria kisukari. Lakini kwa mtoto mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu alipokuwa amelazwa, hakiaminiki. Mkumbushe daktari kwamba aliongezewa damu, kwa kuwa kliniki huenda asiwe yule wa wodini, na barua ya kutoka iwe mfukoni mwako.

Kama ndani ya miezi inayofuata ataanza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa kitandani upya, kukonda au kuhema kwa nguvu, mpeleke siku hiyohiyo. Zahanati yoyote ya Kisauni, Changamwe au Mtongwe yenye glukomita inatosha kwa kipimo cha kwanza. Ikisoma zaidi ya 11, usirudi nyumbani kungoja kliniki ya Jumatatu. Nenda hospitali kubwa usiku huo huo na uombe ketoni.